Hodi kwa F12

Fundi wangu akipokea laptopu haiwashi. Anaifunga, anaigeuza tumbo juu, anaisogeza puani na kuinusa penye matundu ya feni. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Siku hizi najua kwamba vumbi lililoungua lina harufu yake, kapasita iliyopasuka ina yake, na chai ya maziwa iliyomwagika mwaka jana, ile ambayo mwenye mashine anaapa kwamba haikumwagika, nayo ina yake.

Kibanda chake kiko Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Alianza na redio, akapita kwenye runinga za chogo, akafika kwenye kompyuta pale watu walipoona ni rahisi kununua redio mpya kuliko kuitengeneza ya zamani. Umri wake ni wa kupewa shikamoo, na shikamoo yako anaipokea akiwa ameinamia kazi: "Marahaba mwanangu, keti." Msaidizi wake ni mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu anayekuja wakati wa likizo. Kwa utani wa babu na mjukuu anamwita "mke wangu", naye binti humjibu kwamba mahari bado haijafika.

Kazi niliyompelekea ni ndogo kuliko zote anazofanya: kuiwasha laptopu ya zamani kwa flashi na kuiwekea mfumo mwingine. Mtaani wanaiita "kupiga Windows", hata pale kinachopigwa si Windows. Nimewahi kuiona ikifanywa kwa dakika ishirini na kijana ambaye jicho lake moja lilikuwa kwenye mechi. Fundi wangu aliichukua tangu asubuhi hadi karibu na Alasiri. Nilikaa kwenye benchi lake muda wote, kwanza kwa sababu sikuwa na safari nyingine, kisha kwa sababu sikutaka kuondoka.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad X220 ya Lenovo, toleo la mwaka 2011, kioo cha inchi 12.5, niliyoinunua mtumba. Wanaozijua wanazipenda kwa kibodi yake ya safu saba. Toleo lililofuata lilikuja na safu sita, na wapo ambao hadi leo hawajasamehe. Ilizaliwa enzi za Windows 7, ikapandishwa hadi Windows 10, ikazeeka nayo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Ukiitazama Windows 11, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha yake ya prosesa inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Yangu ni ya kizazi cha 2. Mashine haijaharibika: kibodi inaandika, kioo kinang'aa, betri inashika mpaka Segera nikiwa kwenye basi. Msafara tu ndio umeondoka bila yake.

Miaka kadhaa nyuma niliwahi kuipeleka laptopu nyingine kwenye duka fulani, mbali na Tanga. Nikarudishiwa ikiwa safi kama mpya na tupu kama mpya. Picha za arusi ya mdogo wangu zilikuwa zimekwenda. Kijana wa pale akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani ulikuwa na vitu humu?" Swali lilikuwa zuri. Lilichelewa kwa saa moja tu.

Fundi wangu aliliuliza kabla hajagusa bisibisi. "Humu mna nini?"

"Maandishi tu, fundi, na picha kidogo."

Akatikisa kichwa. "Sikuulizi kama ni vingi. Nauliza ni vitu gani, na kwingine viko wapi."

Kwingine havikuwapo. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu ya risasi: *vya mwenyewe vimo, havina nakala*, akakibandika juu ya kifuniko cha laptopu kwa gundi ya karatasi. Kilikaa pale siku nzima. Kila mara mkono wake ulipoielekea mashine, jicho lake lilipita kwanza kwenye kile kikaratasi.

Flashi zake zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani, kama funguo za mwenye nyumba za kupangisha. Kila moja ina lebo: ya mashine za biti 64, ya zile kongwe za biti 32, ya kupima RAM, ya kuokolea mafaili. Ile ya biti 32 anaitunza kama mkulima anavyotunza mbegu za asili, kwa sababu wanaozitoa wanapungua mwaka hadi mwaka. Debian, ambayo wengi walidhani ingekuwa ya mwisho kuwaacha wazee, ilipotoa toleo lake la 13 mwaka 2025 haikutoa tena diski ya kusakinishia ya kompyuta za Intel za biti 32.

Ya kwangu haikuwa tayari. Nilitaka Linux Mint yenye sura nyepesi ya Xfce, na faili lake, lile liitwalo ISO, binti alikuwa amelipakua usiku kwa bando la usiku. Ni karibu GB 3. Babu akamwambia alihakiki. Waliotengeneza Mint hulitoa faili pamoja na mstari wa herufi na tarakimu 64, unaotokana na hesabu iliyopigwa juu ya faili zima. Biti moja tu ikibadilika njiani, mstari wote unageuka sura. Kompyuta inaweza kuilinganisha mistari miwili yenyewe, tena mara moja. Babu alimtaka binti asome kwa sauti, nne-nne, huku yeye akifuata kwenye simu kwa kidole. Walipofika katikati, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe, na wote wawili wakanyamaza mpaka alipokwisha kupita, kisha wakaendelea pale walipoachia.

Wasiojua hudhani kinachofuata ni kulinakili lile faili kwenye flashi, kama unavyonakili wimbo. Mbegu iliyo mfukoni haioti. ISO ni taswira ya diski nzima, kuanzia baiti yake ya kwanza, na lazima ilazwe juu ya flashi baiti kwa baiti, ikifuta kila kilichokuwapo. Zipo programu nzuri za kufanya hivyo kwa kubofya. Rufus ni mojawapo, na Ventoy imekwenda mbele zaidi, kwani ukishaiandaa flashi mara moja unaweza kuirundikia ISO kadhaa ukachagua wakati wa kuwasha. Fundi anazijua, na akiwa na haraka anazitumia. Lakini akimfundisha mtu anarudi kwenye amri ya kale ya Unix, dd, ambayo unaiambia isome kutoka wapi na iandike wapi, nayo inaandika. Haiulizi "una hakika?" Ukiielekeza kwenye diski yako mwenyewe badala ya flashi, itakutii vilevile. Wenye utani wameibatiza mharibu diski.

Tofauti kati ya salama na msiba ni herufi moja: sda au sdb. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, wanaorodhesha diski zote na kutazama ukubwa. Diski ya fundi, ya GB 500, inasomeka 465.8, flashi ya GB 16 inasomeka kama 14.9, kwa sababu watengenezaji wanahesabu kwa elfu na mashine inahesabu kwa 1,024. "Ipi flashi?" babu akauliza. Binti akaonyesha. Babu akamwambia aichomoe na kuorodhesha upya. sdb ikatoweka. Airudishe. sdb ikarudi. "Sasa nimesadiki," akasema, akamwachia kibodi.

Wakati huo akaja mteja na simu iliyotumbukia kwenye ndoo, na fundi akageuka kumsikiliza. Nyuma yake maandishi yakakoma kukimbia kwenye kioo, amri ikaisha, binti akachomoa flashi na kuileta kwa furaha. Mimi nilikuwepo na sikuona kosa lolote.

Kabla sijalieleza kosa, nieleze kwanza kinachotokea laptopu inapowashwa, maana uzuri wa kazi hii umejificha humo.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, mashine haijui lolote kuhusu Windows wala Linux. Inachokijua ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu. Kwa miongo mingi programu hiyo imeitwa BIOS, jina ambalo Gary Kildall alilitumia kwenye mfumo wake wa CP/M katika miaka ya 1970, na ambalo kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ililisambaza duniani. BIOS inajikagua: RAM ipo, kibodi ipo, kioo kipo. Kisha inakwenda kwenye diski na kusoma baiti 512 za mwanzo, basi. Katika hizo, 446 ni maagizo, 64 ni ramani ya namna diski ilivyogawanywa, na mbili za mwisho ni muhuri, ambao kwa hesabu ya kumi na sita huandikwa 55 na AA. Muhuri usipokuwepo, BIOS inapita kana kwamba haikuona mtu. Ukiwepo, inayakabidhi yale maagizo mamlaka yote. Baiti 446 ni chache kuliko herufi za aya hii. Humo ndimo unamokaa ufunguo mdogo, unaofungua ufunguo mkubwa zaidi, unaofungua kiini cha mfumo, nacho kikaamsha yote yaliyobaki. Neno lenyewe, kubuti, limetokana na usemi wa Kiingereza wa mtu anayejinyanyua kutoka chini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Ni jambo lisilowezekana kwa binadamu, na laptopu zinalifanya kila asubuhi.

Mashine za baadaye zina UEFI, isiyohitaji hizo baiti 512. Yenyewe inatafuta kwenye diski sehemu maalumu yenye mafaili ya kuwashia, na tangu ujio wa Windows 8 mwaka 2012 nyingi zinadai pia kwamba faili liwe na saini inayotambulika, la sivyo haliamshwi. X220 ilizaliwa njia panda. Inaielewa mitindo yote miwili na saini haiulizii. Fundi ana mapenzi ya wazi na laptopu za miaka ile. Anasema zinaongea lugha ya wazee na ya vijana, na hazina makuu.

Sasa, kati ya mashine kujikagua na kwenda kwenye diski kuna upenyo wa sekunde chache, pengine mbili. Hapo ndipo unapopiga hodi. Ukichelewa, mlango umeshafunguliwa upande mwingine na Windows imeingia. Huna budi uzime, uanze upya. Wengi wetu, kwa hofu ya kuchelewa, tunakikandamiza kitufe na kukishikilia, na baadhi ya mashine huona kibodi imekwama na kulalamika. Fundi hashikilii. Anagonga kwa ncha ya kidole, kwa vituo, tangu taa ya kwanza inapowaka: hodi, hodi, hodi. Kama mgeni mstaarabu mlangoni, anaita, anasubiri, anaita tena, bila kuusukuma mlango.

Na kila nyumba ina hodi yake. ThinkPad ni F12, na Dell ni F12. HP unaanza na Esc halafu F9. Acer nyingi zina F12 pia, lakini imefungiwa. Lazima kwanza uingie kwa F2 ukairuhusu. Kompyuta za Apple zenye prosesa za Intel zinataka ushikilie kitufe cha Option, na hapo ndipo kushikilia kunaporuhusiwa. Kuna IdeaPad za Lenovo ambazo hodi yake si kitufe cha kibodi hata kidogo: ni tundu dogo ubavuni, unaingiza kitu chembamba na kubonyeza huku mashine ikiwa imezimwa. Kwa hizo fundi humgeukia mjukuu wake na kunyoosha kiganja, naye bila kuulizwa huchomoa pini moja kwenye mtandio na kumpa.

Ya kwangu iliitika kwa hodi ya kwanza. Orodha ikatokea: diski, flashi, mtandao. Akachagua flashi. Menyu ya Mint ikafunguka, kijani na kijivu, nikasogea mbele kwenye benchi. Akabonyeza Enter. Kioo kikawa cheusi, ikapita dakika nzima, kisha ikaja mistari miwili mitatu ya malalamiko kwa Kiingereza, na kimya.

Mimi ningelaumu laptopu. Kijana wa mechi angelaumu flashi, akatafuta nyingine. Fundi alifanya kitu ambacho sikukitarajia: aliegemea kiti na kunyamaza, akikitazama kioo kama mtu anayesikiliza ugonjwa. Kisha akafikiri kwa sauti, kwa faida ya binti. Menyu imetokea, kwa hiyo mwanzo wa flashi umeandikwa vizuri. Tundu la USB linasoma, kwa hiyo si chumvi ya bahari, ambayo hapa Tanga hula vyuma vya mashine hata ikiwa ndani ya mkoba. Kilichokwama kiko mbele zaidi. ISO tumeihakiki sisi wenyewe, kwa hiyo si ISO. Kimebaki kitu gani kati ya ISO na flashi?

Binti akashika kinywa. "Niliichomoa mapema, babu. Lakini ilisema imemaliza!"

Ilisema kweli, kwa namna yake. Amri ya dd, ikiachwa hivihivi, humaliza pale inapokuwa imekabidhi kila kitu kwa mfumo. Na mfumo, kwa kuwa flashi ni ya polepole, huziweka baiti nyingi kwenye RAM na kuendelea kuzimimina taratibu huku nyuma. Ukichomoa wakati huo, mwanzo wa flashi ni mzima na mkia haupo. Dawa yake ni amri moja ya herufi nne, sync, inayosubiri mpaka tone la mwisho liwe limefika, pamoja na macho ya kuangalia taa ndogo ya flashi inayopepesa.

"Kompyuta ikisema tayari," babu akasema, "ni kama mtoto akisema ameshaoga. Mguse masikio kwanza."

Hakuongeza lingine. Wakaanza upya tangu kuorodhesha diski, hatua zote, hata ile ya kuchomoa na kurudisha ili kuona ipi imetoweka, ingawa saa moja tu kabla walikuwa wameifanya. Nilimpenda sana kwa hilo. Fundi asiye na subira, akirudia kazi, huruka zile hatua ambazo mara ya kwanza hazikuwa na tatizo, na ndipo hapo anapoharibu.

Hodi tena. F12, flashi, menyu, weusi, na safari hii nembo ikajitokeza, kisha meza nzima ya kazi ya Mint, na mlio wa kumkaribisha mgeni. Hakuna kilichokuwa kimeguswa kwenye diski yangu. Mfumo ulikuwa unaishi ndani ya RAM na flashi, kama mgeni aliyetandika mkeka barazani, ambaye ukimwambia aondoke atakunja mkeka na hutajua kama alikuwepo. Njia hii ya kuonja kabla ya kula haikuanza na flashi. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima uliokaa kwenye CD moja, na ndiyo iliyowaonyesha wengi kwamba kompyuta inaweza kuamka na mfumo kamili bila diski yake kuhusika. Fundi bado ana CD ya Ubuntu kwenye bahasha yake ya kadibodi, iliyomfikia kwa sanduku la posta enzi zile ambapo kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikizituma duniani kote bila malipo, mpango uliokoma mwaka 2011. Hana kompyuta yenye haja nayo. Anasema anaiweka kwa sababu ya jina: neno la ndugu zetu wa kusini, na sisi tunalo, utu.

Kwenye ukoo, Mint ni mtoto wa Ubuntu, Ubuntu ni mtoto wa Debian aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993, na wote wanakaa juu ya kiini ambacho Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, alikitangaza mwaka 1991. Kiswahili nacho kiliingia mapema katika ukoo huu. Mwaka 2004, mwaka uleule Ubuntu ilipotoka kwa mara ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu zenye menyu za Kiswahili. Fundi aliitumia. Anakiri kwamba wateja wake wengi walimwomba airudishe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho walichokuwa wamekizoea kwenye kompyuta, na sikuona kwamba jambo hilo limemtoka moyoni.

Kwa nusu saa hakubonyeza kitufe cha kusakinisha, na kitufe kilikuwa pale mbele ya macho, juu ya meza ya kazi. Akapima kila kitu kwanza. Wai-fai ikashika. Sauti ikatoka spika zote mbili. Kamera. Akabonyeza kila kitufe cha kibodi, safu zote saba, kwa zamu. Akaifunga laptopu ilale, akahesabu kimoyomoyo, akaifungua ione kama itaamka. Kuna laptopu za aina nyingine ambazo wai-fai yake ni ya Broadcom, na hapo ndipo mtu hugundua, akiwa ameshafuta kila kitu, kwamba hana intaneti ya kupakulia kile kitakachompa intaneti. Fundi hukiona kikwazo hicho huku mlango wa kurudi ukiwa wazi, akaunganisha simu kwa waya na kukimaliza.

Akaangalia pia saa ya mashine. Ikiwa betri ndogo ya ndani, ya CR2032 yenye volti 3, imekufa, laptopu husahau tarehe kila inapokosa umeme, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana vya siku zijazo. Wateja wake wanaotaka kubaki na mifumo miwili kwenye laptopu moja humrudia na lalamiko lingine la saa: wakitoka Linux kwenda Windows, saa imeruka kwa saa tatu kamili. Windows huandika kwenye mashine saa ya hapa, Linux huandika saa ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Anawarekebishia kwa amri moja, lakini kwanza huwaacha wakisie. Wengi hudhani ni mambo ya saa za Kiswahili. Hizo zingeruka kwa sita.

Kisha akaikagua diski. Ilikuwa ya GB 320, ya kuzunguka, na kumbukumbu yake ya ndani ilionyesha imekwisha kuwaka saa zaidi ya 21,000. Ni kama siku 875 bila kuzimwa. Haikuwa na kasoro iliyoandikwa bado. Akaigonga ubavu kwa ukucha.

"Hii nikiiwekea mfumo mpya itakubali. Lakini nitakuwa nimempaka bibi harusi hina na ana homa."

Hapa namheshimu zaidi ya popote. Wako wanaoiuza Linux kama mkuyati wa kila laptopu iliyochoka, na si kweli. Diski inayokufa itakufa na mfumo wowote. RAM ya GB 4 itajaa ukifungua kurasa ishirini za kivinjari, iwe Mint iwe nini. Na mhasibu ambaye programu ya ofisi yake inaendeshwa na Windows peke yake, fundi humrudisha nyumbani na laptopu yake vilevile, bila kumtoza.

Binti akapanda baiskeli kwenda kununua SSD, akiwa amekariri masharti: inchi 2.5, na unene wa milimita 7, kwa kuwa X220 haimezi nene zaidi. Aliporudi, babu akafungua skrubu moja, akavuta diski ya zamani kwa kile kiutepe chake, akaitia mpya. Ile ya zamani akaiweka kwenye bahasha, akakibandua kile kikaratasi cha asubuhi kutoka kwenye kifuniko, akakibandika juu ya bahasha, akanipa. Mafaili angenihamishia baadaye kwa waya. Bahasha niiweke mwezi mmoja bila kuigusa, hata nikiona kila kitu kimehama salama.

Kutoka hapo kazi ilikwenda upesi. Alisubiri betri ifike nusu, umeme usije ukakatika katikati, akapiga hodi kwa mara ya tatu, na safari hii akabonyeza kile kitufe. Ramani ya dunia ikaja kuuliza tuko wapi. Binti akagusa pwani yetu, ikajaza yenyewe Dar es Salaam. Ilipofika sehemu ya nywila, fundi akanisogezea laptopu na kunigeuzia mgongo. "Andika mwenyewe. Mimi natazama barabara." Na kweli alitazama barabara, mpaka nilipomwambia tayari. Wakati mafaili yanamiminika mwadhini akaita Adhuhuri, fundi akaenda msikitini, akarudi na mikono bado ina unyevu wa udhu, bado mstari haujafika mwisho, na hakuuharakisha.

Mwishoni mashine huomba flashi iondolewe na Enter ibonyezwe. Fundi hakuigusa. Alimtazama mjukuu wake. Binti akaweka vidole viwili juu ya flashi, akainama kuitazama ile taa ndogo. Ilikuwa inapepesa. Ikapepesa kwa vituo virefu zaidi. Ikazimika. Bado hakuichomoa.